Faili Iliyotoka Uholanzi

Jumatatu, 3 Machi

Asubuhi nzima nakata video ya mazishi ya Asembo Bay. Nimefika kwa mhubiri wa pili. Mhubiri wa pili huwa simhurumii. Wa kwanza namwacha aseme mpaka achoke, maana mara nyingi ndiye aliyemjua marehemu. Kwaya naiacha nzima. Vilio nafupisha. Hotuba za jamaa sigusi. Aliyesimama kando ya jeneza akasema, amesema. Hiyo ndiyo sheria yangu ya kazi na sijawahi kuivunja.

Marehemu ni Mzee Okello. Alikuwa na boti na shamba linaloshuka mpaka majini. Ameacha mjane, Mama Atieno, na mabinti watupu. Mtu asiye na mwana wa kiume akifa, jamaa huanza kupima kwa macho kabla hata hema halijashushwa. Nimeyaona mengi kupitia kioo cha kamera.

Video nzima ina urefu wa saa sita. Haipandi WhatsApp. Jamaa wenyewe wametawanyika: Nairobi, Muhoroni kwenye kiwanda cha sukari, na dada mkubwa wa marehemu yuko Marekani. Kwa hiyo nitaitoa kwa torenti kama kawaida yangu. Faili inakaa kwenye kompyuta yangu hapa Kondele, Kisumu, wao wanaivuta vipande vipande, na aliyepata kipande anamgawia mwenzake. Sinia moja, mikono mingi. Wateja wangu wameshazoea.

Mvua inanukia. Stima imekatika, imerudi, imekatika tena. Nimechoka na huyu mhubiri.

Jumanne, 4 Machi

Bwana Ochieng' ameniita kwake Milimani. Huyu ni mdogo wa marehemu, mstaafu wa serikali, mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Ua mkubwa, nyasi zimenyolewa vizuri kuliko kichwa cha askari. Nikapewa chai na mkate uliopakwa siagi. Nilijua mkate huo una jambo.

"Binti yangu," akasema, "hapo kando ya kaburi upepo ilikuwa mingi. Hiyo sehemu yangu haisikiki vizuri. Wewe toa tu."

Nikasema nitaangalia. Nikamaliza chai. Sikumaliza mkate.

Upepo gani? Kipaza sauti nilikifunga mwenyewe. Nimerudi nyumbani nikaangalia sehemu hiyo. Inasikika kama yuko hapa chumbani. Ameweka kiganja juu ya jeneza la kaka yake, mheshimiwa mmoja amesimama nyuma yake, watu wamejaa, na Bwana Ochieng' anasema kwa sauti ya kanisani: "Ndugu yangu, nenda salama. Boma hili ni la mke wako na mabinti zako. Na shamba la chini, mpaka kwenye maji, hakuna mtu atakayewaondoa. Mimi ndiye nimesema." Watu wakapiga makofi. Mama Atieno akainamisha kichwa.

Sasa anataka niseme ni upepo. Nimekasirika. Nimeosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi.

Jumatano, 5 Machi

Mama Atieno amepiga simu. Bwana Ochieng' ametuma watu wenye kamba na vigingi, wanapima shamba la chini. Kuna kampuni inataka ufuo huo iweke ghala la chakula cha samaki wa vizimba. Alipomuuliza shemeji yake kuhusu ahadi, akajibiwa hakuna ahadi. Eti alisema tu kwamba atawatunza. Kilio kilimchanganya mjane, akasikia alichotaka kusikia.

Nikamuuliza, na watu waliokuwepo? Wamenyamaza. Yule analipiwa mtoto karo, yule aliombewa kazi, yule anangoja kuombewa. Hapa neno lililosemwa mbele ya maiti halirudishwi, kila mtu anajua. Lakini lazima kuwe na mtu wa kusema lilisemwa.

Kikao cha ukoo ni Jumamosi ya wiki ijayo, palepale bomani. Naibu wa chifu atakuwepo. Akaniuliza video imefika wapi. Nikamwambia bado sijamaliza.

Nimemaliza. Ilibaki mhubiri tu. Kwa nini nimemdanganya mjane? Kwa sababu naogopa. Ndiyo hiyo, nimeiandika.

Alhamisi, 6 Machi

Nimewaza hivi. Ile kamera yangu kubwa, kila mtu anaijua. Lakini siku ya mazishi nilifunga pia simu ya akiba kwenye nguzo ya hema, upande ule ambao kila mtu alikuwa ameinua simu yake. Imechukua yote kwa mkupuo mmoja, tangu maombi mpaka udongo. Picha si nzuri. Sauti ipo. Mtu yeyote angeweza kuwa ameichukua.

Nikiwatumia jamaa kipande kifupi watasema kimekatwa. Lazima iende nzima. Nzima ni kubwa. Basi ni torenti.

Nimemwita Otieno, fundi aliyeniwekea intaneti. Nimemweleza nusu, nusu nyingine akaielewa mwenyewe. Anasema kila kompyuta iliyo mtandaoni ina namba yake, hiyo anwani ya IP, na kwenye torenti anwani hazifichwi. Anayepakua anawaona wote wanaogawa. Hawezi kuona jina langu wala mlango wangu, lakini ataona mji na kampuni ya intaneti. Na kampuni inajua mteja ni nani. Bwana Ochieng' ana marafiki kila ofisi, na ana kijana wake Felix anayefanya kazi ya kompyuta Nairobi. Felix atakuwa wa kwanza kuangalia.

"Sasa kuna hii VPN," Otieno akasema. "Ukiwasha, wao wanaona uko Uholanzi. Ukizima, wanaona Kisumu. Hiyo tu ndio tofauti."

Nikamuuliza kama ni dhambi kujificha hivyo. Akacheka. Anasema yeye huiwasha kila akitumia wifi ya hotelini, na hata kanisani anapokea sakramenti. Kujificha ni kama kufunga mlango wa choo, akasema. Haimaanishi unaiba.

Akaniwekea. Bado sijawasha.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwambia Mama. Nilikuwa nimeapa nisimwambie.

Mama anauza viazi na maharagwe sokoni tangu kabla sijazaliwa. Alikuja kutoka Nyeri na baba yangu, baba akafa, yeye akabaki. Mimi nimezaliwa hapahapa, nimesoma hapa, Dholuo, lugha ya hapa, nimeiongea kabla ya Kikuyu. Lakini naitwa Wanjiru, na kila baada ya miaka kadhaa, uchaguzi ukikaribia, jina hilo linakuwa zito. Mwaka ule mbaya wa ghasia za uchaguzi, mimi nikiwa shule ya bweni, Mama alifichwa na jirani yetu Mama Awuor, sasa marehemu, chumbani kwake. Duka lake la sokoni lilichomwa. Mama alipona. Tangu siku hiyo ananiambia jina lako liweke mfukoni, usilitoe bila kuulizwa.

Leo akaniambia wagombanapo ndugu chukua jembe ukalime. Nikamwambia hawa si ndugu wanaogombana, ni mtu mkubwa anamnyang'anya mjane. Akasema tena, chukua jembe ukalime. Akaendelea kuchambua maharagwe.

Ana haki ya kuogopa. Nusu ya wateja wake ni wa jamaa hizohizo. Na mimi nani ataniita tena mazishini, Bwana Ochieng' akisema neno moja? Yeye yumo kwenye kila kamati. Mazishi ndiyo chakula changu, nasema ilivyo.

Jumamosi, 8 Machi

Kazi leo, mazishi ya mwalimu mmoja huko upande wa Ahero. Jua kali, kwaya mbili zinashindana. Bibi mmoja mzee sana alishika kipaza sauti akaanza moja kwa moja kumsifu marehemu. Watu wakamkatiza: jina kwanza. Yeye anataka kuendelea, wao hawataki. Ikabidi aanze upya: mimi ni fulani, binti wa fulani kutoka mahali fulani, nimeolewa na fulani. Hapo ndipo wakanyamaza kumsikiliza. Na alichosema kilikuwa kitamu, kuhusu deni la mbuzi la ujana wao. Watu walicheka mpaka mjane akacheka.

Kila mazishi ni hivyo. Nimezoea kiasi kwamba huwa natumia sehemu ya majina kubadilisha betri.

Nimerudi na kichwa kinaniuma.

Jumapili, 9 Machi

Nimefanya. Baada ya misa, Mama akiwa kwa majirani.

Nimewasha VPN. Nimeangalia mara kadhaa kwamba anwani inaonyesha Uholanzi. Wanjiru Mholanzi. Nikacheka peke yangu kama mwehu. Nimefungua barua pepe mpya isiyo na jina, nikawatumia kiungo dada wa Marekani, mpwa wa marehemu aliyeko Muhoroni na wengine ambao anwani zao ninazo. Sikuandika salamu. Nimeandika tu: Mazishi ya Mzee Okello, sikilizeni penye kaburi.

Jioni wameanza kuvuta. Naona vipande vinaondoka.

Nimelala mchana usingizi mzuri, wa kwanza tangu Jumanne. Mwepesi kabisa. Kumbe ujasiri ni rahisi hivi ukiwa huna jina.

Jumatatu, 10 Machi

Wameipata wote. Mama Atieno ametumiwa kwenye simu na mpwa wa Muhoroni. Kanipigia kunieleza kuwa kuna mtu wa Mungu amepeleka video. Hajui ni nani. Nikasema, asifiwe Bwana.

Nimekula samaki mzima peke yangu.

Jumanne, 11 Machi

Mambo yameharibika.

Felix ameandika kwenye kundi la jamaa. Mpwa wa Muhoroni amenitumia picha ya maandishi yake, akidhani mimi kama mtu wa video nitamsaidia kuelewa. Felix anasema ameichunguza faili. Imetoka Uholanzi. Katika ukoo wetu nani anakaa Uholanzi? Imetumwa na mtu asiye na jina, kutoka nchi ambayo hakuna aliyefika msibani. Siku hizi kompyuta inatengeneza sauti ya mtu na mdomo wake, akasema, na huu ni mfano. Mtu amemtumia babangu kama mwanasesere mbele ya maiti ya kaka yake.

Na wameamini. Si wote, lakini walionyamaza sasa wamepata sababu ya kunyamaza. Hata waliokuwa wanakumbuka wanaanza kusema labda. Dada wa Marekani ameuliza swali moja tu: hii kitu mwenyewe ni nani? Mimi ndiye mwenyewe, nimekaa hapa na chai inapoa.

Halafu Mama Atieno. Bwana Ochieng' amemshtaki kwa naibu wa chifu kwamba amekodi watu wachezee mazishi ya mumewe kwa kompyuta. Kwa hapa hilo ni jambo zito kuliko wizi. Kuchezea mazishi ni kuita mkosi kwa watoto. Jumamosi hatakwenda tena kudai shamba. Atakwenda kujitetea, na wapo wanaosema afukuzwe boma lote.

Amenipigia simu, hata halii. Akaniuliza polepole: "Mtoto wangu, wewe ulikuwa na mashine kwa masikio. Hiyo sauti ilikuwa yake? Ama mimi ndio nilisikia vibaya?"

Nikamwambia hukusikia vibaya, Mama.

"Basi nani alisikia na mimi?"

Nikatafuta sababu ya kukata simu. Nikasema stima imekatika. Stima ilikuwepo.

Jumatano, 12 Machi

Sitaki kuandika. Mvua. Paa linavuja juu ya begi la kamera na nimelitukana paa kwa lugha tatu.

Alhamisi, 13 Machi

Bwana Ochieng' amepiga simu mwenyewe. Anataka video ya kamati, ile iliyosafishwa upepo, kesho jioni, ili aionyeshe kwenye kikao. Sasa nimeelewa. Si kwamba anataka tu isitoke. Anataka yangu, yenye jina langu, isimame kama ushahidi kwamba hakusema kitu. Mimi niwe shahidi wake.

Akaniuliza kwa kicheko kama ninamjua mtu Uholanzi. Nikasema simjui.

"Wewe tumekaa na wewe vizuri miaka yote," akasema. "Lakini jadak haingiangi maneno ya wenye nyumba."

Jadak. Mgeni aliyepewa kona ya kujenga kwenye ardhi ya wengine, ambaye anaweza kuambiwa ahame siku yoyote. Neno hilo nililisikia utotoni likisemwa kwa Mama, na Mama akatabasamu, akampimia mteja viazi. Leo nimeambiwa mimi. Nilimkatia simu, si kwa hofu. Kwa hasira. Nimezika wazee wa watu hawa kwa kamera yangu mpaka najua makaburi yao kuliko wajukuu wao.

Halafu hofu ikaja pia. Tusidanganyane.

Ijumaa, 14 Machi

Nimempigia Otieno. Nikizima hiyo VPN itakuwaje? Akasema wataona Kisumu, wataona kampuni, na kama faili ina jina lako hawahitaji kuona kitu kingine. Akaniuliza kama nimefikiri vizuri. Nikasema nimefikiri vibaya wiki nzima, leo sifikiri.

Yeye hakukosea. Kujificha kuna mahali pake. Mtu akitoa wimbo, au kitabu, au picha za ziwa, afiche anwani yake na dunia haitapungukiwa. Kitu chenyewe kinatosha. Lakini hiki si wimbo. Ni neno la mtu aliyekuwepo, na aliyekuwepo akijificha hakuna aliyekuwepo. Nimerekodi watu wakiambiwa jina kwanza kila Jumamosi ya maisha yangu, nami nikiwa nabadilisha betri.

Nikaenda sokoni kumwambia Mama. Nilitaka aseme hapana ili nimlaumu yeye.

Akanisikiliza. Akamhudumia mteja. Kisha akaniuliza kama najua ilikuwaje siku ile kwa Mama Awuor. Nikasema najua, ulifichwa. Akasema: nilijificha, ndiyo, chini ya kitanda. Lakini vijana walijua niko ndani. Waliniona nikiingia. Walikuja mpaka mlangoni wakauliza ndani kuna nani. Hapo Mama Awuor angeweza kusema hakuna mtu. Hakusema hivyo. Alitoka nje, akafunga kanga vizuri.

Mama akasimama pale kati ya magunia akaniigizia, kwa Dholuo, sauti ya marehemu yule kabisa. Maneno yake kwa Kiswahili ni haya: "Mimi ni nyar Ugenya, mke wa Onyango fundi wa baiskeli. Aliye ndani ni wangu. Anayetaka kuingia aanze na jina lake na la baba yake, nijue nitamshtaki kwa nani." Nyar Ugenya, yaani binti wa Ugenya. Hakuna kijana aliyetaja jina lake. Wakaondoka mmoja mmoja.

"Kitanda hakikuniokoa," Mama akasema. Akanifungia viazi nipeleke nyumbani.

Miaka yote hii hakuwahi kunieleza hiyo sehemu. Nimelia njiani kama mtoto, watu wakiniangalia.

Nimezima VPN. Nimetoa video ya kamati, saa zote sita, sijagusa hotuba hata moja. Faili nimeipa jina: Mazishi ya Mzee Okello, imechukuliwa na Wanjiru wa Kondele. Kiungo nimekituma kwenye kundi la jamaa kwa namba yangu ya simu. Bwana Ochieng' naye yumo humo. Nikaandika: na ile ya Uholanzi ni yangu pia, niliogopa.

Simu imeita sana. Nimeiacha iite.

Jumamosi, 15 Machi

Asembo Bay. Naandika haya nikiwa nimerudi, bado jioni, viatu vina matope.

Nilikuta viti vimepangwa kati ya nyumba na kaburi. Mama Atieno amekaa kando na mabinti zake, kama watuhumiwa. Bwana Ochieng' mbele na Felix na kompyuta yake. Dada wa Marekani yuko kwenye simu iliyowekwa juu ya meza, sauti imefunguliwa. Naibu wa chifu anafuta jasho. Hakuna aliyenikaribisha kiti. Nikasimama na begi langu la kamera.

Walizungumza kwanza kuhusu mkosi. Muda mrefu. Halafu Bwana Ochieng' akasema kuna msichana wa kamera ambaye amelipwa na mjane. Nilikuwa nimepanga nisubiri niulizwe. Sikusubiri.

Nikasema kwa Dholuo, maana maneno haya kwa Kiswahili hayasimami vizuri pale. Nikasema mimi ni Wanjiru, binti wa Njeri muuza viazi, marehemu baba yangu alikuwa Mwangi wa Nyeri. Sina mume wa kumtaja. Nyumbani kwangu ni Kondele, na sina kwingine. Siku ya kumzika Mzee Okello nilisimama pale, penye ule mti wa mpera, na masikio yangu yalikuwa kwenye kipaza sauti cha Bwana Ochieng'. Nilichosikia ndicho Mama Atieno alichosikia.

Bibi mmoja akasema, ameanza vizuri, aendelee. Nikaendelea. Niliwaonyesha kamera yenyewe na kadi yake ndani. Nikasema video ya simu ni yangu, niliificha asili yake kwa woga, na kama imeonekana ya mzungu, kosa ni langu.

Bwana Ochieng' akasema zote mbili zimetengenezwa. Ndipo simu ya mezani ikasema. Dada wa Marekani ana sauti nzito kama ya mwanamume, na ni mkubwa wa wote.

"Felix, fungua hiyo ya jana. Inatoka wapi?"

Felix akafungua. Akaangalia. Yule kijana si mbaya, nadhani aliamini kweli alichoandika. Akamtazama baba yake, kisha akainama tena kwenye kompyuta.

"Inatoka Kisumu, Auntie. Kwake huyu. Hajajificha."

Wakacheza sehemu ile kupitia spika ya kanisa. Kiganja juu ya jeneza. Boma hili ni la mke wako na mabinti zako. Sauti ikapita juu ya kaburi lilelile, udongo bado haujashuka. Mama Atieno hakuinamisha kichwa safari hii. Alimwangalia shemeji yake tu, mpaka mwisho.

Dada akasema, Ochieng', umesikia. Yeye akasema siku ile kulikuwa na upepo. Mtu mmoja nyuma akacheka, kicheko kikaenea, na nadhani kicheko ndicho kilichomaliza kazi. Wazee wakasema neno la jenezani limesimama. Vigingi ving'olewe. Naibu wa chifu akaandika, watu wakatia sahihi.

Chakula kikaletwa. Bwana Ochieng' hakula. Alitembea mpaka kwenye gari lake, na sahani yake ikabaki mezani na kuku wake. Hapa mtu akiondoka hivyo ametangaza uadui, na uadui huo una jina langu ndani yake. Nilikula kwa sababu Mama Atieno alinipakulia mwenyewe. Sikuhisi ladha.

Jumapili, 23 Machi

Wiki imepita kimyakimya. Kamati mbili zimeniandikia kwamba wamepata mtu mwingine. Kwa lugha ya adabu sana. Nina harusi moja, ya Wasabato, haina dansi. Sokoni kuna wanawake wamehamia kwa muuza viazi wa pili, na kuna wawili ambao hawakuwahi kununua kwa Mama na sasa wananunua. Haitoshi. Mama anasema tutaona. Naogopa bado. Nikisikia pikipiki ikipunguza mwendo nje, nasimama.

Mama Atieno amenitumia omena, dagaa wa ziwani, kupitia mtu wa boti, mfuko mzima, umefungwa kwa kitambaa. Vigingi vimeng'olewa. Ameviweka vya kuwashia moto.

Otieno amepita. Anasema sasa naweza kuzima ile torenti, jamaa wengi wana faili nzima, watagawiana bila mimi. Nikamwambia najua. Kazi zangu nyingine nimerudisha kwenye VPN, na hapo sioni aibu yoyote. Hii moja nimeiacha wazi.

Mama akaja kuketi na maharagwe yake karibu na meza. Akaniuliza ile taa ndogo ya kijani kwenye kisanduku cha intaneti inamaanisha nini, mbona haizimi. Nikamweleza kwamba kuna watu wanavuta yale mazishi hata sasa, na wakiangalia wanaona anwani yetu.

"Wanaona tuko hapa?"

"Wanaona."

Akafikiri. Kisha akachukua kitambaa, akapangusa vumbi la kisanduku, pande zote, akarudi kwenye maharagwe.